Kumpokea Kuhe

Siku ya tano baada ya mayai kuanguliwa, Saba, kuhe wetu jike, alikuwa bado hajala kitu. Alisimama juu ya shimo lake la mchanga, mita tisa chini ya maji, mapezi yakipepea taratibu, na vifaranga wake elfu sita wametanda chini ya tumbo lake kama unga uliomwagika. Dume wake, Nane, alikuwa anazunguka kwa nje. Samaki yeyote aliyekatiza karibu, mkubwa kwa mdogo, Nane alimfuata mdomo wazi mpaka akatokomea. Anarudi, hajakaa sawa, anatoka tena. Nimewatazama hawa wawili kwa miaka kumi na saba, na sioni haya kusema kwamba nimechoka kwa niaba yao.

"Dada Siku, soma betri," Yusto aliniambia, akikatisha jina langu la Sikudhani. Chini ya maji tunasemezana kwa kidude kinachobanwa kwenye taya. Sauti haipitii sikioni, inapitia mfupani, kwa hiyo hata Yusto akinong'ona unamsikia menoni.

Nilielekeza kipimo kwenye kisogo cha Saba, pale tulipompandikiza tulizo. "Yake imebakiza siku kumi na moja. Ya Nane siku tisa."

"Basi Jumamosi."

"Jumamosi ndiyo siku ya saba, ndiyo."

Yusto Bigirwa ni mzamiaji wangu tangu mradi una watu thelathini na boti nne. Sasa tuko wawili na boti moja, na tunajuana kiasi kwamba akinyamaza najua ananyamazia nini.

Matamvua niliyobandika shingoni yalikuwa yameanza kuwasha, kawaida yake yakishapita saa mbili. Ni kifaa kizuri, kinavuta hewa kwenye maji moja kwa moja, huhitaji mtungi. Lakini ukishuka mita arobaini kinapiga kelele kama mtoto aliyebanwa na mlango, kwa sababu pale hewa inaishia. Zamani ziwa lilikuwa na hewa mpaka mita mia na zaidi. Likapata joto, maji ya juu yakaacha kuchanganyika na ya chini, na sasa chini ya arobaini tunayaita maji maiti. Kuhe alizoea kushuka kilindini kuwinda na kupanda kwenye mchanga wa ufukweni kuzaa. Kilindini hapafai tena, na mchanga karibu wote umefunikwa na tope la milima iliyokatwa miti. Ghuba ya Kanyezi imepona kwa sababu ina miamba pande zote mbili, tope linagonga na kupita.

Wakati wa kupanda tulipita juu ya mashimo mengine manne. Yalichimbwa wiki iliyotangulia na kuhe waliokulia kwetu, kwenye vizimba tunavyoviita chekechea. Samaki wazuri, wanene, wenye rangi ya kuvutia. Walitaga vizuri kabisa. Jozi ya kwanza ililinda siku sita ikaondoka, ya pili siku mbili. Mbili za mwisho hazikukaa hata kukicha. Mayai yote yameliwa.

"Na hawa ni wajukuu wa Saba," alisema Yusto.

"Vitukuu," nilimsahihisha, ingawa haikubadili kitu.

* * *

Nieleze tulizo, maana ni kazi ya mikono yangu na sina wa kumsukumia.

Kuhe anazaa mara moja tu. Akishataga, yeye na mwenzake hawali. Wanalinda watoto siku tisini hivi, mpaka watoto wanafikia urefu wa kidole, halafu wazazi wanakufa, wamebaki mifupa na ngozi. Ndivyo alivyoumbwa. Nilipoajiriwa walikuwa wamebaki jozi arobaini ziwani humu, na nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kwenye arobaini ya kumzaa binti yangu.

Kwetu Ujiji mzazi hakeshi na mtoto. Mama yangu na mama zangu wadogo walikuwa wanapokezana. Mtoto akilia, mmoja anamchukua, ananiletea anyonye, anamrudisha. Wananiogesha maji ya moto, wananilisha uji wa pilipili manga, wananiambia lala. Nililala siku arobaini. Nikaanza kazi mnene, nina raha zangu, nikazama na kumkuta kuhe jike siku yake ya themanini na kitu, macho yameingia ndani, anasukumwa na maji huku na huku na bado anamfukuza kaa. Nililia ndani ya barakoa. Nikasema moyoni, huyu mama hana ndugu wa kumpokea mtoto?

Basi nikampokea. Nilitengeneza kitu chenye ukubwa wa punje ya mchele, unakipandikiza kisogoni, kinalala. Siku ya saba tunavuta vifaranga kwa mpira, tunawapeleka chekechea, halafu tunakiwasha kwa ishara kutoka kwenye boti. Kikiwaka, ulezi unamtoka na njaa inamrudia. Anakula, ananenepa, mwakani anazaa tena, na betri ya miaka minne ikiisha tunampandikiza kingine. Ndiyo maana ni lazima tuchukue watoto kwanza, kwa sababu kuhe mwenye njaa hachagui, anakula na wa kwake. Nilipewa tuzo. Watu walisema hii teknolojia ina huruma, na mimi nilikubaliana nao kabisa.

Mwaka wa nne dhoruba ilituzuia, tukachelewa kuchukua vifaranga mpaka siku ya kumi na tisa. Sikulitilia maanani. Miaka mitatu baadaye jozi moja ya vifaranga wale ilizaa ikalinda siku kumi na tisa kamili, kisha ikaondoka. Mwaka huu tu ndipo nilipopekua daftari zote, jozi baada ya jozi, nikaliona. Kuhe hulinda kadiri alivyolindwa. Aliyelindwa siku saba hulinda saba au sita, na mwanawe pungufu ya hapo, na mjukuu ndiyo hivyo tena. Ni aliyelindwa mpaka mwisho tu ndiye asiyejua pa kuishia. Katika ziwa zima waliolindwa mpaka mwisho walikuwa wamebaki wawili, Saba na Nane, na sababu ya wao kubaki wawili ilikuwa mimi.

* * *

Alhamisi Dakta Ntiruka alinipigia, uso wake ukajaa ukutani kwangu. Alikuja kwetu kama mwanafunzi wa mazoezi, nilimfundisha kubandika matamvua, na sasa ndiye mkuu wa mradi huko mjini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Dakta."

"Tulizo mpya zimefika?"

Zilikuwa mezani, mbili, kwenye kikasha kisichozidi kiberiti. "Zimefika."

"Nimesoma ulichoandika. Nimekisoma mara tatu, naapa." Alijipangusa uso. Naye amechoka, sikatai. "Lakini mama, ushahidi wako ni dhoruba moja."

"Na jozi kumi na moja."

"Jozi kumi na moja zinasema chekechea haitoshi. Hazisemi ukimwacha Saba afe ndiyo itatosha. Ukiwaacha siku tisini, singa wakaingia, au tope, au joto likapanda digrii moja, tunabaki na nini? Hatuna wazazi, hatuna watoto. Ukiwawekea tulizo tunapata miaka minne mingine."

"Ya kufanya nini?"

"Ya kutafuta jibu."

"Tumelitafuta kumi na saba."

Kisha akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma, "Mama, wewe ndiye uliyetufundisha kwamba kumwacha mzazi afe kwa njaa wakati dawa unayo mkononi ni ukatili. Sasa umebadilika?"

Nilimwambia Jumamosi nitazama, na hilo lilikuwa kweli.

* * *

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa Bi Havijawa, mwenyekiti wa kamati ya ziwa pale Kanyezi. Nilimkuta kwenye vichanja vya dagaa na wanawake wenzake, anageuza kwa ufagio wa makuti. Ni mtu wa maneno makali na mkono wa kutoa, atakutukana huku anakufungia samaki kwenye jani.

Ghuba ile ni ya kijiji. Ofisi ilikuwa mgeni tu. Waliifunga wenyewe miaka kumi na saba iliyopita, hakuna wavu wala ndoana, kwa makubaliano kwamba kila mwaka watoto wa chekechea wakishakua na kuachiwa, kijiji kitavua siku moja. Siku hiyo Kanyezi inanukia mawese na kuhe mpaka juu mlimani. Watu wanarudi kutoka kila walikokwenda. Mwaka mzima wanakula dagaa, siku ile wanakula kama watu.

Nilimweleza kila kitu. Alisikiliza huku anageuza dagaa.

"Kwa hiyo ukiwaacha," alisema, "mwaka huu hakuna chekechea."

"Hakuna. Na mwakani hakuna, na mwaka wa kesho kutwa. Mpaka hao watoto wakue wazae, kama watapona."

"Kama."

"Kama, dada."

Aliweka ufagio chini. "Sikudhani, mwanangu wa mwisho ana miaka kumi na sita. Hajawahi kumwona baba yake anatupa wavu kwenye ghuba hii ila siku moja kwa mwaka. Tumekaa njaa tunatazama samaki wakicheza, kwa sababu wewe ulisimama hapa hapa ukasema tuvumilie. Ulikuwa mnene hivi, una kalamu sikioni. Tukakuamini. Leo umekuja na 'kama'?"

"Nilikosea."

"Usiniambie mimi ulikosea! Nenda kawaambie hao." Aliwaonyesha wale wanawake kwa kidevu, nao wakajifanya hawasikii. "Chukua watoto wa samaki kesho, upeleke chekechea, tuendelee. Huko kujua kulea watajifunza mbele ya safari."

"Hawatajifunza. Hakuna wa kuwafundisha."

"Basi tutawafundisha sisi kwenye sufuria," alisema, na wanawake wakacheka, na mimi nilicheka pia, kicheko kibaya kisicho na furaha. Alinifungia dagaa. Nikaondoka bila kujua nitafanya nini, na nilijichukia kwa kuwa nilikuwa nimekwenda kwake nikitumaini aniamulie.

* * *

Jumamosi tulizama saa tatu asubuhi. Yusto alibeba mpira wa kuvutia vifaranga, mimi nilibeba kile kikasha.

Saba alitujua. Tulipomkaribia alijisogeza kando kidogo, kama anavyofanya kila mwaka, akatuachia nafasi. Nane naye aliacha kuzunguka akasimama. Miaka yote nilidhani ni imani. Siku ile niliwatazama vizuri nikaona wamezoea tu. Wanajua siku ya saba tunakuja na watoto wanaondoka.

Yusto aliweka mdomo wa mpira karibu na shimo. "Niwashe?"

Niliendelea kumtazama Saba.

"Dada Siku. Niwashe au nisiwashe? Matamvua yataanza kuwasha tukisubiri."

Niliwaza watu wa Kanyezi na siku yao moja. Niliwaza Ntiruka na neno lake la ukatili. Niliwaza kwamba mimi ni mtu wa miaka hamsini na moja ambaye hakuwahi kufanya jambo moja kubwa ila hili, na sasa nataka kulivunja kwa sababu ya dhoruba moja. Yote hayo niliyawaza na hayakunisaidia. Kilichonisaidia ni kwamba kifaranga mmoja alipotea njia, akaelea mpaka kwenye kioo changu, na Saba akasogea, akamdaka mdomoni polepole, akamrudisha akamtema katikati ya wenzake. Kisha akajisogeza kando tena, atupishe.

"Kunja mpira," nilisema.

"Hakika?"

"Sina hakika hata kidogo. Kunja."

Alikunja. Tulipofika juu alivua barakoa, akanitazama kwa muda, akasema, "Mimi nilishachoka kuwa mwizi wa watoto tangu mwaka wa kumi. Ulichelewa tu kuniuliza."

* * *

Siku ya kumi na nne tulizo ya Nane ilizimika. Siku mbili baadaye ya Saba ikafuata. Ntiruka alinipigia mara nne kwa siku moja, mara ya nne hakutukana wala hakubembeleza, alisema tu kwamba ataandika nilichokifanya kama kilivyo, nami nikamwambia aandike.

Siku ya ishirini waliipita bila kuondoka. Siku ya thelathini vifaranga walikuwa urefu wa ukucha na walikuwa wamebaki labda elfu mbili. Nilikuwa nahesabu kila siku na kila siku walipungua, na sikuwa na ruhusa ya kufanya lolote. Nilijiwekea sharti hilo mwenyewe. Nikimfukuza adui mmoja, nitakuwa mimi ndiye mlinzi, na watoto watajifunza kulindwa na mtu.

Siku ya arobaini na mbili singa waliingia, kambare watatu, wakubwa, wenye sharubu. Ilikuwa mchana kweupe, maji yamechafuka kidogo kwa mvua. Nane aliwaendea. Alikuwa amekonda kichwa kikiwa kikubwa kuliko mwili. Alimgonga wa kwanza ubavuni, akamgonga tena, wa pili akapita nyuma yake akaingia moja kwa moja kwenye wingu la vifaranga na mdomo wazi. Nilikuwa hatua mbili kutoka hapo. Nilikuwa na fimbo ya kupimia mkononi, ya chuma, ningemtoboa. Yusto alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu, nami nikamshika yeye, tukakaa tumeshikana pale chini kama watu wanaogombana, singa anakula.

Saba ndiye aliyemtoa. Alimuuma sharubu akamvuta, naapa alimvuta, mpaka nje ya mchanga. Vifaranga waliobaki walijibana kwenye kivuli cha tumbo lake. Nilipohesabu walikuwa mia sita na kitu. Nane alikuwa amelala ubavu kwenye mwamba, matamvua yake yakifunguka mara moja moja, na jioni yake alikuwa ameshakufa.

Nililia sana siku ile. Sikulia kwa sayansi. Nililia kwa kuwa ningeweza kumwokoa kwa mkono mmoja.

Saba aliendelea peke yake siku arobaini na tisa nyingine. Sitazieleza zote, zilifanana. Siku ya tisini na moja nilimkuta amelala mchangani, na watoto wake, mia mbili na kumi, kila mmoja urefu wa kidole, wanazunguka juu yake hawataki kuondoka. Waliondoka siku tatu baadaye, mmoja mmoja, kuelekea kwenye miamba. Hatukuwawekea alama yoyote. Ofisi ilikuwa imeshang'oa kamera za chini kupeleka mradi mwingine, kwa hiyo mimi na Yusto tu ndio tuliowaona wakienda.

* * *

Miaka mitatu si mingi kwa ziwa. Kwangu ilikuwa mingi. Kanyezi hawakuvua mwaka wa kwanza, wala wa pili, wala wa tatu. Bi Havijawa aliacha kunisalimia. Nikipita kwenye vichanja anageuka upande wa pili, na sikuwahi kujua mgongo wa mtu unaweza kusema maneno mengi vile. Kuhe wa chekechea waliokuwa wameachiwa zamani walizaa na kuondoka, wakazaa na kuondoka, mpaka sikuwaona tena.

Ntiruka hakunifukuza. Alisema, "Mama, endelea kuzama. Ukiona jozi moja inayolinda kupita siku kumi na tisa, usiguse, nipigie siku hiyo hiyo. Nina tulizo za kizazi kipya, zinadumu miaka kumi. Safari hii hatutarudia kosa la chekechea ya siku saba. Tutawaachia watoto mpaka siku ya hamsini, halafu tunawaokoa wazazi. Hatuwezi kupoteza tena jozi ya mwisho." Alisema kwa nia njema yote ya dunia. Alikuwa anaongea kama mimi nilivyokuwa.

Msimu wa nne, siku ya Jumatano, upande wa kusini wa ghuba, mita saba, niliwaona.

Walikuwa wawili, wadogo bado, jike ana manjano ya kung'aa na madoa meusi ubavuni. Chini yao vifaranga, nikakadiria mia tisa, urefu wa ukucha na nusu. Siku ya arobaini, labda arobaini na tano. Wazazi walikuwa wamekonda. Sikujua wamejificha wapi siku zote hizo, nilikuwa nimepita pale mara kumi. Nilisogea nipime, na yule jike hakujisogeza kando. Alinijia uso kwa uso, akanigonga kwenye kioo, akarudi nyuma kidogo, akanigonga tena kwa nguvu zaidi, na dume akaja kwa pembeni akaniuma bega. Nilirudi nyuma. Walinifuata mpaka wakaridhika.

"Wamekufukuza," sauti ya Yusto ilisikika menoni mwangu, inatetemeka.

"Nimeona."

Kwenye boti sikuvua hata matamvua. Nilimpigia Ntiruka kwa sauti tu, bila picha, kwa sababu uso wangu anaujua.

"Shikamoo, mama. Umeona nini?"

"Mchanga, Dakta."

"Ghuba nzima?"

"Nimeimaliza yote. Hakuna jozi."

Nilimsikia akivuta pumzi. "Basi ni msimu wa nne. Itabidi nifunge. Nitaandika kwamba kuhe hayupo tena Kanyezi, na..." Alisita. "Mama, wataandika ni kwa sababu ya uamuzi wako. Sitaweza kuwazuia."

"Waandike."

"Pole, mama. Pole sana."

Yule kijana alikuwa analia. Nilitaka kumwambia, na nikajizuia, na sijawahi kufanya jambo lililonigharimu kama kujizuia kule. Miaka yote ya kazi yangu sikuwahi kuandika namba ya uongo.

Yusto aliwasha mota. "Wana siku hamsini hivi za kuishi," alisema baadaye. "Hutaki kuwaona mpaka mwisho?"

"Hapana. Nimeshaona."

Tulikwenda moja kwa moja kwenye vichanja. Bi Havijawa aliniona nashuka akageuka. Nilikwenda mpaka nyuma ya mgongo wake, karibu kiasi cha kumgusa, nikasema taratibu asisikie mwingine: "Dada, wapo. Jozi moja, upande wa kusini, wana watoto wa siku arobaini na kitu. Nimewaambia mjini hawapo."

Ufagio ulisimama. Hakugeuka. "Kwa nini?"

"Wangekuja kuwaokoa."

Aligeuza dagaa kidogo, pale pale alipokuwa ameshageuza. "Nani mwingine anajua?"

"Yusto. Na wewe."

"Nasi tutakula lini?"

"Sisi hatutakula. Wajukuu zako, labda."

Alinigeukia. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu alinitazama usoni, na sikuweza kusoma kitu pale. Kisha akatupa ufagio chini, akaweka mikono kiunoni, akapaza sauti mpaka waliokuwa wanaosha vyombo majini wakainuka.

"Mmesikia? Amekuja kutuambia kuhe amekwisha! Amemmaliza huyu! Miaka ishirini tumemtunzia ghuba, amemmaliza! Sasa nasema mimi mwenyekiti, hakuna mtu wa kutia wavu mle, si leo wala siku nyingine, hatuli kwenye kaburi! Atakayetia nitamfuata mimi mwenyewe!" Akanigeukia tena, akanitukana mimi, mradi wangu, kalamu yangu na siku niliyotia mguu Kanyezi. Alinitukana vizuri mno, na nilijua zaidi ya nusu yake ni kweli.

Wanawake walitoka kwenye vichanja, wanaume wakaacha kushona nyavu, wakasimama pande zote mbili za njia wananitazama. Mmoja alitema mate. Niliinamisha kichwa kama mtu aliyemmaliza kuhe, nikapita katikati yao, nikaenda nyumbani kulala.